Maswali ya Wasomaji: Noti Chakavu, Dola na Vipesa vya Mjerumani

Shikamoo mzee. Kondakta wa daladala ya Raskazone kakataa noti yangu ya elfu mbili kwa kuwa imechanika pembeni. Jamaa mmoja stendi kaichukua kwa elfu moja na mia tano. Ni halali? (Mwanafunzi, Chumbageni)

Marahaba. Umeshauza ndiyo unauliza! Noti chakavu hupelekwa benki, na vipande vyake vyote, usitupe hata kona. Yule jamaa naye anaipeleka huko huko. Mia tano yako ni ujira wake wa kupanga foleni uliyoikimbia.

Mzee, dola haijawahi kuyumba. Kwa nini tusiitumie na sisi, tuachane na usumbufu? (Mfanyabiashara, Ngamiani)

Nani kakudanganya? Kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza 1861, Marekani haikuwa na noti moja ya taifa. Sarafu za dhahabu na fedha zilikuwa za serikali, lakini noti zilitolewa na benki binafsi zenye vibali vya majimbo. Benki hizo zilizidi elfu moja, kila moja na noti zake, kila moja na picha zake. Noti ya Indiana ikifika New York hukatwa thamani, kwa sababu anayeipokea atapata taabu kuirudisha Indiana kudai dhahabu. Wenye maduka waliweka kijitabu kaunta: noti ipi bandia, benki ipi imekufa, ipi ikatwe senti ngapi. Yaani yule jamaa wa stendi alikuwa nchi nzima, na kijitabu juu.

Vita vikaimaliza hazina. Serikali ikachapa noti zake 1862, nazo zikashuka mbele ya dhahabu, zisilingane nayo tena hadi 1879. Hiyo ndiyo dola yako isiyoyumba. Mwaka 1863 Rais Lincoln akatia saini sheria ya benki za taifa, ikafumuliwa na kuandikwa upya 1864. Benki ikitaka kutoa noti, inunue kwanza hati za mkopo za serikali na kuziweka hazina. Ndipo inapewa noti za sura moja, tofauti ni jina la benki tu, kwa kiwango kisichozidi asilimia 90 ya hati hizo. Kila benki ya taifa ilazimike kupokea noti ya mwenzake bila kukata hata senti. Benki ikifa, hazina inamlipa mwenye noti. Hebu angalia kilichobadilika: mdhamini.

Na msidhani benki za majimbo ziliitikia kwa uzalendo. Nyingi zilikaa kimya mpaka bunge lilipopitisha kodi ya asilimia 10 juu ya noti zao mwaka 1865. Hapo zikanyooka. Hata hivyo noti zikawa zimefungwa kwenye hati za serikali, haziongezeki wakulima wanapozihitaji msimu wa mavuno. Ukaja msukosuko wa benki wa 1893, ukaja wa 1907, ndipo mwaka 1913 wakaunda benki kuu yao.

Wenye nyumba mnaoandika kodi kwa dola, kanuni za 2025 zimekataza bei za ndani kwa fedha za kigeni. Msiseme hamkuambiwa.

Nina pesa ya Mjerumani ya 1890, ina tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Milioni ngapi? (Pangani)

Swali hili haliishi! Hiyo ni sarafu ya shaba iliyoitwa pesa, ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, 64 kwa rupia moja, fedha ya enzi zile. Zilifuliwa kwa wingi na bado zimejaa. Inayostahili kukunyima usingizi ni ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, iliyofuliwa Tabora 1916 vita vilipowabana, na nyingi mnazoonyeshwa ni za kughushi. Tena acheni kuzisugua kwa ndimu na mchanga. Mnunuzi wa kweli akiona zinameta, anaondoka.

Kabla ya Benki Kuu shilingi ilikuwa ya nani?

Ya bodi ya sarafu iliyoundwa 1919, makao yake London, kwa Kenya, Uganda na Tanganyika; Zanzibar ikaingia 1936. Shilingi 20 zilikuwa pauni moja ya Uingereza, na mdhamini alikuwa pauni hiyo. Sheria yetu ikatungwa 1965, Benki Kuu ikafunguliwa Juni 1966, tukawa na shilingi yetu. Mnaotamani sarafu moja ya Afrika Mashariki, itifaki ilitiwa saini 2013 kwa lengo la 2024, na 2024 imepita. Kuchora noti ni kazi ya siku chache. Nchi ipi itakubali kulipia upungufu wa jirani? Hapo ndipo wakubwa hukohoa.

Nimekuta noti za elfu kumi za 1997 katika sanduku la marehemu bibi. Zinatumika? (Makorora)

Hapana, mwanangu. Muda wa kubadilisha noti za kuanzia 1985 hadi 2003 uliisha 5 Aprili 2025. Usimbambikie mama ntilie asiyejua, hiyo ni dhuluma. Na huyo anayekuandikia kwamba atazinunua mara mbili, ila utume kwanza "pesa ya usajili", usimtumie hata shilingi.