Mafuta ya avoka usoni: paka, lakini bila ndimu

Mdogo wangu, umeuliza kama mafuta ya avoka yakichanganywa na ndimu yataondoa madoa ya chunusi usoni. Mafuta peke yake, sawa. Ndimu hapana, tafadhali sana! Maji ya ndimu yakikutana na jua juu ya ngozi, huiunguza: malengelenge kwanza, kisha doa jeusi kuliko lile la mwanzo. Na jua la hapa Goma, mita kama 1,500 juu ya bahari, ni kali hata siku ya mawingu. Mimi nilijaribu shingoni. Alama ilikaa miezi.

Faida ya mafuta hayo ni kulainisha ngozi kavu. Paka matone mawili matatu mara tu baada ya kuoga, ngozi ingali na unyevu. Lakini mafuta hayo hayafuti madoa. Tena ni mazito, yanaweza kuzidisha chunusi, kwa hiyo mimi ningeanza na mikono na miguu. Kama glavu za mpira huwa zinakuwasha, jihadhari: watu wa namna hiyo wakati mwingine huwashwa na avoka pia. Jaribu tone moja ndani ya kiwiko, ungoje siku mbili.

Chupa isiyo na lebo inayoahidi kukung'arisha, usinunue. Huenda mna haidrokwinoni (kemikali kali ya kuchubua ngozi) au zebaki, ambayo ni sumu, ndani yake.