Rangi ya Resini: Uliza Kwanza Imechanganywa na Nini

Toleo lililopita niliandika namna ya kuchanganya resini ya epoksi, ile inayouzwa kwa chupa mbili, A ya resini na B ya kuigandisha, mpaka igande bila kunata. Barua zilizofuata karibu zote zimeuliza rangi. Nyingine nimezijibu kwa kirefu kwa sababu tatizo lake ni la wengi, nyingine kwa mistari michache.

"Shikamoo mama. Natengeneza hereni na vishika funguo. Nilinunua rangi ya keki ya maji, nyekundu, nikaidondoshea kwenye resini. Haikuchanganyika, imebaki vitone vitone, na hereni zinanata mpaka leo. Mbovu ni resini au rangi?" Msomaji, Tabata

Marahaba mwanangu. Resini yako haina kosa. Rangi ya keki ya maji imetengenezwa ikae kwenye unga, mayai na sukari ya kupambia, vitu vinavyopokea maji. Epoksi haiyapokei. Ukikoroga kwa nguvu vitone vinakuwa vidogo, ila havipotei, na maji yenyewe yanaivuruga ile kazi ya A na B kushikana. Hapo ndipo kunata kunapotoka. Hata ile rangi ya keki ya unga haitakusaidia, kwa sababu nayo huyeyuka kwenye maji tu. Kwenye resini itabaki chenga.

Kwa hiyo ukisimama mbele ya rafu ya rangi pale Kariakoo, usianze kuuliza nyekundu ipi inapendeza. Muulize muuzaji, au soma kwenye chupa, rangi hiyo imechanganywa na nini: maji, mafuta, spiriti, resini yenyewe, au ni unga mkavu. Jibu la hapo ndilo litakalokwambia hereni zitaganda au hazitaganda.

Iliyo salama kuliko zote ni rangi nzito ya resini, ambayo chembe zake zimesagwa ndani ya resini isiyo na B. Inakuja kwenye vichupa vidogo na bei yake inauma, lakini kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti kinatosha kikombe kidogo cha hereni. Inaziba kabisa, huoni upande wa pili. Ukitaka nyekundu inayopitisha mwanga kama kioo, tafuta wino wa spiriti. Matone 2 au 3 kwa gramu 30 za resini yanatosha. Ukizidisha, spiriti inabaki ndani na kitu kinakuwa laini kama mpira. Na ukishaweka wino huo, kiberiti cha gesi unachotumia kutoa mapovu kikae mbali, maana spiriti inawaka.

Unga wa maika nao ni wa kupendeza sana kwa hereni. Maika ni jiwe linalobanduka kwa karatasi nyembamba. Kwenye milima ya Uluguru lilichimbwa tangu enzi za ukoloni. Linasagwa, kisha kila chembe inavikwa utando wa titani dioksidi au oksidi ya chuma. Unene wa utando huo ndio unaoamua mwanga urudi wa dhahabu, wa buluu au wa zambarau. Unga huu ni mkavu, hauna maji wala mafuta, kwa hiyo hauzuii resini kuganda. Vaa barakoa unapouchota, ni mwepesi mno na unaingia puani kabla hujajua.

Rangi za akriliki za kwenye mirija zina maji pia, ila maji machache na chembe nyingi. Tone dogo linakubali. Likivuka sehemu 1 kwa 10 za resini unarudi kwenye kunata. Mng'ao wake unafifia kidogo. Mimi siwashauri wanaouza vitu vyao kuitegemea.

Hereni zinazonata usizitupe. Zifute vizuri kwa spiriti ukiwa na glavu, ziache zikauke, kisha zipake tabaka jembamba la resini mpya iliyopimwa sawasawa. Ila kama zinabonyea hadi ndani, hizo haziokoki.

"Mama, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nataka kutengeneza trei nyeupe ya sebuleni. Nimesaga chaki nikaweka, nikajaribu na poda ya mtoto. Inatoka kama maji yaliyooshewa mchele, kila nikiongeza inakuwa nzito lakini si nyeupe." Msomaji, Mbagala

Mwalimu, barua yako nimeifurahia kuliko zote, kwa sababu inagusa jambo ambalo hata mafundi wazoefu hawalijui.

Chukua karatasi iliyofungia maandazi ya moto. Pale mafuta yalipogusa, karatasi imekuwa ya kuonyesha upande wa pili. Karatasi ni ileile, hakuna kilichoondoka. Kilichobadilika ni kwamba katikati ya nyuzi zake palikuwa na hewa, sasa pana mafuta. Weupe wa karatasi ulitokana na mwanga kugonga nyuzi, kutoka kwenye hewa, kugonga tena, na kurudishwa machoni. Mafuta yanapopindisha mwanga karibu sawa na nyuzi zenyewe, mwanga unapita moja kwa moja.

Chaki na poda ndivyo vinavyofanya ndani ya resini. Kipimo cha kupindisha mwanga cha epoksi ni karibu 1.55. Poda ya talki iko karibu 1.57, na udongo mweupe, kama ule wa kaolini unaopatikana Pugu, karibu 1.56. Tofauti ni ndogo mno. Unga unaouona mweupe mkononi, ukilowa resini unatoweka, unabaki ukungu tu. Titani dioksidi inavuka 2.5, ndiyo maana kijiko kidogo chake kinafanya kazi ambayo kopo zima la poda haliwezi. Hiyohiyo ndiyo inayofanya rangi nyeupe ya ukutani iwe nyeupe.

Kwa hiyo nunua rangi nzito nyeupe ya resini, au unga wa titani dioksidi kama utaupata. Ukipata unga, usiumwagie kwenye kikombe kizima. Weka kidogo juu ya kigae, tia matone machache ya A, usage kwa kisu cha kupakia hadi chenga ziishe, ndipo uchanganye na A yote. Koroga taratibu, kisha tia B. Rangi yote isizidi gramu 5 kwa kila gramu 100 za resini. Trei itatoka nyeupe pe.

Jambo moja la kukuandaa, kwa kuwa umesema trei ni ya sebuleni: epoksi inageuka manjano taratibu ikipigwa na jua, na weupe ndio unaosema ukweli huo kabla ya rangi nyingine yoyote. Chembe kidogo ya zambarau, ile inayobaki kwenye ncha ya kijiti cha meno, inaufanya weupe uonekane baridi zaidi na kuuficha umanjano wa mwanzo. Trei yenyewe isiwekwe dirishani.

"Salaam. Mimi ni seremala wa Keko. Nina oda ya meza ya mninga yenye resini inayopita katikati kama mto, urefu sentimita 120, upana 20, kina 4. Mteja anataka buluu ya bahari unayoona hadi chini, yenye mawimbi yanayong'aa. Nikiweka unga wa kung'aa unazama wote. Pia je, rangi ya mafuta ya kopo inafaa? Wachoraji wa Tingatinga si ndiyo wanayotumia?" Msomaji, Keko

Fundi, pole na kazi. Niende na la Tingatinga kwanza. Ni kweli, Edward Said Tingatinga alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 pale Oyster Bay kwa rangi za mafuta za kung'aa kwenye mbao za kubanwa, na waliomfuata wameendelea nazo. Lakini rangi ile hukauka kwa kuvuta hewa. Juu ya ubao hewa ipo. Ukiizamisha ndani ya resini haipati hewa, inabaki mbichi, na tina iliyomo inaidhoofisha epoksi. Itumie juu ya resini iliyokwisha kukomaa na kupigwa msasa. Hapo inashika vizuri.

Sasa mto wako. Sentimita 120 mara 20 mara 4 ni sentimita za ujazo 9,600, yaani lita 9.6, na uongeze kidogo kwa nyufa za mninga. Hiyo ni resini nyingi. Inapoganda inatoa joto lake yenyewe, na kadiri ilivyo nene ndivyo inavyojichemsha. Kwa joto letu la Januari na Februari, resini ya kawaida ikimwagwa kina cha sentimita 4 kwa mpigo inaweza kutoa moshi na kupasuka. Nunua ile iliyoandikwa kuwa ni ya kumwagwa kwa kina, na ufanye kazi alfajiri.

Mteja anataka kuona hadi chini, kwa hiyo usiguse rangi nzito ya kuziba. Tumia rangi ya resini ya maji maji inayopitisha mwanga. Wino wa spiriti ni mzuri kwa hereni, ila buluu yake inapauka juani, na meza ni kitu cha miaka. Kosa linalowakamata wengi ni kupima rangi kwenye kikombe kikiwa na resini kidogo. Buluu inayoonekana nyepesi kwenye sentimita 1 itakuwa nzito kama usiku kwenye sentimita 4. Chukua glasi ya maji isiyo na maua, chini yake weka kipande cha mninga uleule, mimina resini yenye rangi hadi kimo cha sentimita 4, kisha tazama kutokea juu. Ukiona mishipa ya mbao kwa shida, punguza. Mninga ni wa kahawia yenye wekundu, na buluu iliyo juu yake itavutwa kidogo kuelekea kijivu. Mwonyeshe mteja glasi hiyo, akubali kabla hujamwaga.

Tia rangi kwenye A yote siku hiyohiyo, ndani ya ndoo moja, ndipo ugawe na kuchanganya B kwa awamu. Ukitia rangi awamu kwa awamu, mto utakuwa na mistari ya buluu mbili na hakuna msasa utakaoifuta.

Unga wako unazama kwa sababu chembe za maika ni nzito kuliko resini, na resini ya kina hubaki nyepesi kwa saa nyingi. Mwaga kina cha sentimita 3 na nusu bila unga. Ikifika hali ya kunata lakini kidole chenye glavu hakiachi uzi, mwaga nusu sentimita ya mwisho kwa resini ya kawaida, buluu ileile. Isubiri ianze kuwa nzito kama asali, ndipo utie unga kidogo sana na kuuvuta kwa kijiti, mkono ukienda na kurudi kufuata kingo za mbao. Wakati huo chembe hazina nafasi ya kushuka, zinalala pale mkono ulipoziacha. Huo ndio wimbi.

Kabla ya yote, ziba kingo za mninga kwa resini nyembamba isiyo na rangi. Mbao ina hewa, na bila kuzibwa itatoa mapovu ndani ya buluu yako usiku kucha.

"Mimi ni mwanafunzi, sina hela ya rangi za dukani. Naweza kutumia manjano ya jikoni, mkaa na udongo mwekundu?" Msomaji, Kigamboni

Unaweza, mwanangu, ila havilingani. Mkaa ni mzuri kabisa. Usage, uupitishe kwenye kitambaa cha mtandio, nyeusi yake haipauki. Udongo mwekundu pia, maana wekundu wake ni oksidi ya chuma, na jua haliuwezi. Ukaange kwanza kwenye kikaango kikavu hadi unyevu wote uishe, uache upoe, uuchunge mara mbili. Usipopata mzuri, nenda duka la vifaa vya ujenzi ununue unga mwekundu wa kuchanganya na saruji ya sakafu. Ni oksidi ileile, iliyosagwa laini kuliko utakavyoweza wewe, na kiasi cha kununua kwa bei ya soda kitakutosha kwa muda mrefu.

Manjano ya jikoni inatoa rangi tamu siku ya kwanza, kisha mwanga unaila. Ukiweka kishika funguo juani kitafifia upesi. Kama unauza, usimuuzie mtu rangi ambayo itamkimbia.

"Natumia resini ya taa, naigandisha kwa taa ya kukaushia kucha. Rangi zote zinaganda isipokuwa nyeusi. Juu ngumu, ndani uji." Msomaji, Sinza

Dada, resini hiyo inaganda pale tu mwanga wa taa unapofika, na nyeusi inaumeza mwanga wote juujuu. Punguza rangi iwe nusu ya unayotumia sasa, na umimine tabaka la milimita 1 tu kwa kila mara. Kama kalibu yako ni ya silikoni inayopitisha mwanga, igeuze uipige taa na upande wa chini. Kilichobaki uji usikifinye kwa kidole kitupu, resini mbichi ikizoea ngozi inaleta upele usioisha. Kirudishe chini ya taa kwanza, na kisipokaza, kitupe kikiwa ndani ya glavu.