Kinanda cha mdomo: naingiaje kwenye kundi?

SWALI: Shikamoo anko. Nashona nguo hapa Majengo, Moshi. Nina kinanda cha mdomo cha matundu 10, cha ufunguo wa C, yaani sauti yake ya msingi ni C, najifunza mwenyewe usiku. Jumapili jioni kuna vijana wanapiga magitaa na ngoma chini ya mwembe, Pasua. Nilijaribu kuingia, nikawa napishana nao, nikaona aibu nikaondoka. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Rudi Jumapili hii hii. Salimia, kaa, sikiliza wimbo mzima kabla hujakitoa mfukoni. Kisha muulize mpiga gitaa wanapiga kwenye ufunguo gani. Nadhani hapo ndipo ulipopotelea. Wakipiga G, kinanda chako cha C kinafaa sana: anzia tundu la pili kwa kuvuta pumzi, hiyo ndiyo G yenyewe, na urudi hapo kila wimbo unapotulia. Wakihamia A, utahitaji cha D. Kama huna, piga makofi, nayo ni kazi.

Mtu akiimba, nyamaza. Jaza pale anapopumua, sauti mbili tatu, basi. Mimi nilipoanza, kule Rau, nilipuliza wimbo mzima juu ya sauti ya mzee mmoja. Akanishika bega taratibu: "Niachie na mimi." Mkono ule naukumbuka hadi leo.

Na ukinywa soda au mbege, sukutua kwanza. Utamu ukiganda kwenye vile vibati vyembamba vya ndani, sauti inakwama. Ukimaliza kupiga, kigonge kiganjani, matundu yakielekea chini, mate yatoke.