Maswali yenu: Kabla ya kamera, angalieni mlango

Shule ya bweni anakosoma binti yangu inachangisha pesa za kamera za ulinzi. Nitoe? (Mzazi, Nakuru)

Usitoe hata shilingi kabla hujaliona bweni lenyewe. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka mlango ufunguke kwa nje na uwe na upana wa futi 5, madirisha yasiwe na vyuma, na vitanda viachane mita 1.2. Siku ya wazazi nenda na futi kamba, upime. Uliza pia ufunguo hukaa wapi usiku. Mara nyingi utaambiwa uko kwa matroni, naye analala nyumba ya pili. Bweni la shule ya Bombolulu lilipoungua mwaka 1998 walikufa wasichana 26. Moto wa shule ya Kyanguli mwaka 2001, wavulana 67. Bweni la Kyanguli lilikuwa na milango miwili, mmoja umetiwa kufuli, na madirishani vyuma. Kamera ingewapiga picha tu.

Tukiondoa vyuma, wezi je?

Wataiba magodoro. Magodoro hununuliwa.

Kwa nini serikali isirudishe kiboko ili watoto waache kuchoma shule?

Swali hili huja kila muhula wa pili, mitihani ya majaribio ikikaribia. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza. Likija tena silijibu.

Tuna sanduku la maoni lakini wanafunzi hawaandiki kitu. (Mwalimu wa nidhamu, Kitui)

Liko wapi, mwalimu? Kama liko nje ya ofisi ya naibu mkuu, anayezijua hati zao zote, nani ataandika? Lipeleke karibu na maktaba, lifunguliwe na mtu wa bodi asiyefundisha hapo, na majibu yasomwe gwarideni. Bandika na namba 116, simu ya msaada kwa watoto, wapige bure. Moto hauanzi na petroli. Huanza na maharage yenye wadudu yaliyolalamikiwa wiki nzima, mwalimu wa zamu akacheka.

Mwalimu anamsumbua mpwa wangu kimapenzi. Mkuu anasema tuyamalize kifamilia.

Msikae kikao naye. Nendeni polisi leo, kisha muiandikie TSC, tume inayoajiri walimu. Waraka wake wa 2010 unamlazimu kila mwalimu anayejua kuripoti, kwa hiyo na mkuu huyo mtajeni katika barua hiyohiyo. Mkikubali "uhamisho", mmempelekea mabinti wa shule nyingine.