Vidonge vya chai ya kijani vitamaliza kitambi?

SWALI: Asalaam aleikum. Nina kilo 94, nyingi ziko tumboni. Nimeuziwa vidonge vya polifenoli: chai ya kijani, manjano na pilipili manga. Nimeambiwa nimeze viwili kila asubuhi kabla ya kula, mafuta yayeyuke. Ni kweli? – Mama wa Likoni

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Mafuta hayayeyuki hivyo, na asubuhi kabla ya kula ndiyo saa mbaya zaidi.

Polifenoli ni kemikali za asili za mimea. Geuza kopo utafute EGCG, polifenoli kuu ya chai ya kijani. Kidonge kikiwa na miligramu 400, viwili ni 800. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya kuwa kuanzia kiwango hicho vipimo vya ini hupanda kwa baadhi ya watu. Tumbo likiwa tupu, EGCG huingia kwenye damu kwa wingi zaidi. Pilipili manga nayo imetiwa makusudi: piperini yake huchelewesha mwili kuivunja kukumini, polifenoli kuu ya manjano. Bahati mbaya, huchelewesha na kuvunjwa kwa dawa nyingine; anayetumia warfarini (ya kuzuia damu kuganda) au fenitoini (ya kifafa) asiviguse vidonge hivi kabla ya kumuuliza daktari wake.

Madai yenyewe yana chanzo. Seli ya mafuta ikijaa kupita kiasi hukosa oksijeni, huita seli za kinga, na uvimbe unaozuka hapo huharibu kazi ya insulini, homoni inayodhibiti sukari ya damu. Kwa panya, polifenoli hupunguza uvimbe huo na hufanya baadhi ya seli nyeupe za mafuta, zinazohifadhi nishati, ziichome. Ila panya hupewa dozi kubwa mno kwa uzito wao. Uholanzi, wanaume wachache wanene walimeza resveratroli, polifenoli ya zabibu, miligramu 150 kwa siku, siku 30. Seli za mafuta chini ya ngozi zilikuwa ndogo kidogo, lakini uzito haukushuka. Muuzaji hakwambii nusu hii ya pili.

Chai ya kijani kunywa ya kikombe, bila sukari, saa moja mbali na chakula ukiwa na upungufu wa damu, maana huzuia madini ya chuma. Manjano yatie kwenye mchuzi. Kitambi kipime kwa utepe, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi. Mizani peke yake haitakuonyesha.

Kama umeshaanza kumeza, acha. Mkojo ukiwa mweusi, macho yakiwa manjano au mwili ukiwasha, nenda hospitali siku hiyo hiyo upimwe ini, na kopo uende nalo.