Kwa wadogo zangu mliojiandikisha matembezi ya hisani kabla damu haijarudi

Kila msimu wa matembezi unapokaribia ninaliona jambo lilelile. Mtu amemaliza dripu ya mwisho ya dawa za saratani juzi, nywele bado hazijashika kitana, lakini tayari amejiandikisha kilomita 100, amefungua ukurasa wa michango, ameutangazia ukoo mzima tarehe ya kuanza, na sasa ndipo anapowauliza waliomtangulia kama miguu yenye ganzi ina shida yoyote. Ninawapenda, na kwa sababu hiyo nitawasema. Sitaeleza kemo ni nini wala seli nyeupe ni nini, maana mnavijua kuliko mlivyotaka kuvijua.

1. Msijipime kwa nguvu za dexamethasone, ile dawa ya steroidi tunayopewa pamoja na kemo. Mnazikumbuka zile siku mbili tatu zinazofuata dripu, ambapo mtu halali, anapanga kabati usiku wa manane, anakula bila kushiba na kuamini kwamba amepona. Mmoja wenu alifanya mazoezi yake yote ya umbali mrefu katika siku hizo, akaandika kasi nzuri katika daftari, kisha akapanga safari nzima kwa hesabu hiyo. Siku za katikati ya mzunguko wa kemo, ambazo hakuweza kupanda ngazi bila kukaa njiani, hakuziandika, kwa maelezo kwamba hazikuwa siku za kawaida. Nilimwambia kwamba dawa ndiyo iliyotembea, yeye alisindikiza tu. Andikeni siku mbaya kwanza, na ratiba ya mazoezi ifuate hizo. Wataalamu wa mazoezi na saratani walipotoa mapendekezo yao mwaka 2019, walichokitaja kwa ajili ya kupunguza uchovu wetu huu usioisha kwa kulala kilikuwa mazoezi ya wastani ya dakika 30, mara 3 kwa wiki. Anzieni hapo, mwendo uwe ule ambao mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba, na kipimo cha mazoezi ya leo kiwe hali yenu kesho asubuhi, si jioni hii mkiwa bado na furaha ya kufika.

2. Muulizeni daktari swali lenyewe. Ukiuliza, "Daktari, naweza kutembea?" atakujibu kwamba kutembea ni kuzuri sana, na atakuwa amesema kweli. Andika kwenye karatasi idadi ya kilomita kwa siku, idadi ya siku mfululizo, uzito wa begi na umbali wa kituo cha afya kilicho karibu na njia, kisha mpe asome. Aliyepata doxorubicin au trastuzumab, dawa zinazoweza kudhuru moyo, aulize kipimo cha moyo cha mwisho kilionyesha nini, aliye kwenye dawa za homoni aulize kuhusu mifupa, na kila mtu aulize wingi wa damu na seli nyeupe. Anayeogopa kuuliza hivyo kwa kawaida anajua jibu.

3. Ganzi ya miguu. Hapa nitakaa, na naomba msinisukume. Dawa za kemo kama paclitaxel, docetaxel, oxaliplatin, cisplatin na vincristine huumiza mishipa ya fahamu kuanzia ncha za mbali, yaani vidole, na kwa zile za jamii ya platini, yaani oxaliplatin na cisplatin, ganzi inaweza kuongezeka hata miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho, hivyo kumaliza matibabu si kibali cha kuvaa viatu vyovyote. Mimi nilikuwa na ganzi hiyo, nikawa ninaisifu. Niliwaambia wenzangu kwamba nina bahati, wao wataumwa na malengelenge na mimi sitasikia kitu. Walicheka, nami nikacheka.

Nilijiandikisha katika kile kipindi cha kati, baada ya kemo na kabla ya mionzi, kwa sababu kalenda ilionekana wazi. Daktari nilikuwa nimemuuliza lile swali fupi, nikapata lile jibu fupi, nikaondoka haraka kabla hajauliza ni kutembea kwa namna gani. Kipimo cha damu nilichotakiwa kurudia sikukirudia. Siku ya kwanza njiani ilikwenda vizuri mno. Mshono wa soksi ulikuwa umejikunja chini ya kidole kidogo cha mguu wa kushoto tangu asubuhi, jambo ambalo mtoto yeyote angelisikia katika hatua kumi za mwanzo na kulilalamikia, lakini mimi nilitembea nao kutwa nzima nikitazama mandhari. Jioni nilipovua kiatu, soksi haikutoka. Ilikuwa imegandamana na ngozi, na nilipoilowesha na kuivuta, ngozi ya chini ya kidole ilitoka nayo, ikabaki nyama nyekundu yenye chembechembe za mchanga. Sikusikia maumivu hata kidogo. Niliitazama kana kwamba ni mguu wa mtu mwingine.

Sasa lililo baya si kidonda. Lililo baya ni kwamba mwenzangu aliuliza kama niko salama, nikamwambia ni jasho tu. Nilifunga bandeji nikiwa nimempa mgongo, nikaficha soksi chini ya begi, na usiku nilisoma ujumbe wa wachangiaji mmoja mmoja hadi nikajisadikisha kwamba nina deni kwao. Siku ya pili nilitembea. Alasiri nilianza kutetemeka kwa baridi wakati wenzangu wote wanafuta jasho. Kipimajoto nilikuwa nacho, kwenye mfuko wa mbele wa begi, pale ambapo mkono unafika bila kutafuta. Sikukitoa. Nilijua kwamba kikisoma nyuzi 38 nitalazimika kusema, nikaona afadhali nisijue, mimi niliyefundishwa na wauguzi tangu mzunguko wa kwanza kwamba 38 ni kupiga simu wodini saa hiyohiyo, iwe mchana au usiku, bila kusubiri panadoli ifanye kazi. Na panadoli nilimeza. Mwenzangu ndiye aliyeona mstari mwekundu umepanda kutoka kifundo cha mguu kuelekea gotini nilipokuwa nafunga kamba za viatu, naye hakuniuliza tena kama niko salama.

Nililazwa, nikapewa dawa kwa mshipa, seli nyeupe zikaonekana bado ziko chini, na wenzangu wawili wakakosa kumaliza safari yao kwa sababu ya kunisindikiza. Kidonda kilichelewa kupona. Mionzi iliahirishwa. Hilo ndilo ambalo hadi leo sijaweza kulisimulia kwa mzaha, kwamba nilichelewesha matibabu ya ugonjwa wenyewe kwa ajili ya matembezi ya kuuchangia.

Kwa hiyo: mwenye ganzi anunue viatu jioni miguu ikiwa imevimba, apapase ndani ya kiatu kwa mkono kabla ya kuvaa, akague nyayo kwa macho na kioo kidogo kila mapumziko, na abadilishe soksi kabla hazijalowa. Ngozi ikichubuka popote, safari yake imekwisha siku hiyo.

4. Pesa za wachangiaji si deni la kilomita. Hili ndilo linalowaua wengi wenu kwa aibu, kama lilivyotaka kuniua mimi. Shangazi yangu alikuwa ameahidi kuchangia kwa kila kilomita. Aliposikia nimelazwa alituma pesa za safari nzima, zikifuatiwa na matusi ya kutosha safari ya kurudi. Hakuna aliyedai chake. Nanyi mnaopenda kumtaja Terry Fox kila mnapoambiwa mpumzike, msomeni hadi mwisho. Kijana yule wa Kanada, aliyekatwa mguu mwaka 1977 kwa sababu ya saratani ya mfupa, alianza kukimbia kuvuka nchi yake Aprili 1980, akilenga takriban kilomita 42 kila siku kwa mguu wa bandia. Tarehe 1 Septemba mwaka huohuo, baada ya siku 143 na kilomita 5,373, alisimama karibu na Thunder Bay kwa sababu ya kikohozi na maumivu ya kifua, na ikabainika kwamba saratani imefika mapafuni. Bahari ya Pasifiki hakuifikia. Alipokuwa anasimama michango ilikuwa kama dola milioni 1.7 za Kanada, na kufikia Februari 1981 ilipita milioni 24. Sehemu kubwa kabisa ya pesa ilikuja baada ya yeye kusimama. Alifariki Juni mwaka huo akiwa na miaka 22, na sioni kwa nini mtu amtumie kama hoja ya kuficha homa. Ukurasani mwenu andikeni tangu siku ya kwanza kwamba mtatembea kadiri mwili utakavyoruhusu na kwamba mchango unakwenda kwenye hisani hata mkiishia njiani, kisha hamtakuwa na la kuficha.

5. Yaliyobaki ni mafupi. Aliyeondolewa tezi za kwapani asibebe begi zito upande huo, na kama mkono umeshaanza kuvimba avae kifuniko cha mkono cha kubana alichopewa. Ngozi iliyopigwa mionzi ifunikwe jua lisiifikie, na kamba ya begi isipite juu yake. Mliopigwa mionzi ya nyonga, chagueni njia kwa kufuata vyoo, si mandhari, na msione haya kusema hivyo mbele ya waandaaji, kwani wamesikia makubwa zaidi. Wale wa oxaliplatin wavae glovu asubuhi za baridi. Maji mnywe kabla ya kiu.

6. Kila mmoja wenu awe na mwenzake wa njiani mwenye mamlaka ya kumsimamisha bila mjadala. Asiwe mwenzi wenu wa ndoa kama mmezoea kumshinda kwa maneno. Mpeni karatasi yenye majina ya dawa mlizopata, tarehe ya dripu ya mwisho na namba ya simu ya wodi, akague nyayo zenu jioni kwa macho yake mwenyewe, na kipimajoto akishike yeye.