Usigawe kwa mbili kabla hujaijua jumla

Mdogo wangu, futa hiyo 68 kwenye daftari kabla hujaipeleka kwa mwalimu. Umeniuliza hesabu ya wastani, na namna ulivyoifanya imenishtua. Mitihani yako minne ina wastani wa 62, unataka wa tano uufikishe 65, nawe umejumlisha 62 na x, yaani alama za mtihani wa tano, ukagawa kwa mbili, ndipo ukapata x ni 68. Hapo umeupa mtihani mmoja uzito sawa na minne.

Kosa hilo hilo lilinipotezea laki moja. Hapa Kigoma nilisoma tuisheni kwa mwalimu aliyetuambia, kwa kujiamini kabisa, kwamba ukikuta wastani mbili unajumlisha na kugawa kwa mbili, wala hakutueleza kwamba njia hiyo inafaa tu pale ambapo idadi za pande zote mbili ni sawa. Maswali yake yote yalikuwa na idadi sawa, kwa hiyo tulipata vema kila siku.

Miaka mingi baadaye nilinunua mawese, madumu 20 kwa shilingi 40,000 kila moja, kisha bei ikapanda nikaongeza madumu 80 kwa 50,000. Nyuma ya risiti nikaandika 40,000 na 50,000, nikagawa kwa mbili, nikapata 45,000. Mteja kutoka Tabora alipotaja 47,000 nilimpa mzigo wote, nikiamini kila dumu limeniachia 2,000. Usiku nikahesabu fedha: 4,700,000. Nilizotoa zilikuwa 800,000 na 4,000,000, yaani 4,800,000. Nilirudia kuhesabu mara tatu, na kwa aibu nakiri kwamba nilimshuku kijana aliyenisaidia kupakia, ambaye hakuwa na kosa lolote. Ukigawa 4,800,000 kwa madumu 100 unapata 48,000, kwa hiyo kila dumu niliuza kwa hasara ya 1,000.

Mpaka leo nina uchungu na mwalimu yule. Mwenzetu mmoja aliwahi kumuuliza kwa nini tunagawa kwa mbili, akaambiwa akariri, asipoteze muda wa wenzake. Mtu anayepokea ada ya mzazi anajibu swali kama lile, hamnyamazishi mtoto.

Wastani ni jumla iliyokwisha kugawanywa, kwa hiyo kabla ya kufanya lolote uzidishe kwa idadi yake, uirudishe ile jumla. Mitihani yako minne ni 62 × 4, yaani 248. Mitano yenye wastani wa 65 inahitaji 65 × 5, yaani 325. Mlinganyo wako ni 248 + x = 325, na x ni 77. Ile 68 yako ukiijumlisha na 248 unapata 316, ambayo ukiigawa kwa tano inakupa 63.2, na hiyo 65 unayoitaka hujaifikia.